JIWE?? Wakuu, kuna mtu humu ndani kaniambia kiboko ni JIWE

Salamu baadaye. Nimeingia ndani sasa hivi, suruali inachuruzika, viatu sina, na kabla sijabadili nguo nimeona nipite huku kwanza, maana nikilala na hili moyoni kesho mtanikuta nimepasuka.

Jina sitaji. Sina haja. Mnamjua. Yule yule mtaalamu wetu wa kila kitu, anayeanza kila sentensi na "kwa uzoefu wangu". Yule wa kofia. Ukimwambia maji yanalowesha atakusahihisha. Najua unasoma hapa, bwana mkubwa. Soma vizuri.

Tumetoka alfajiri, giza bado. Tunafika pale mto unapojikunja, naona katikati ya matete kuna njia, imekanyagwa hadi imekuwa mfereji. Pembeni vichaka vimepakwa mavi hadi kimo cha kiuno. Sasa mtu yeyote aliyewahi kushika mshipi anajua ni nani anayejisaidia huku anazungusha mkia kama feni. Nikamwambia, mkubwa, wenyewe hawa usiku huwa wametoka kula majani, saa hizi ndio wanarudi majini, tusikae kwenye njia yao. Akaangalia yale mavi kwa utulivu kabisa. Akasema, "Ng'ombe hao."

Ng'ombe. Haya. Nikanyamaza. Kosa langu la kwanza.

Tukaingia na mtumbwi, tukatupa mishipi, kimya. Mwanga unaanza kutoka. Mbele yetu kama hatua kumi na tano naona kitu kimetokeza, dakika moja iliyopita hakikuwepo. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, mkubwa, kile nini?

Hata shingo hakugeuza vizuri. "Jiwe."

Wakuu. Jiwe lilikuwa na masikio. Masikio mawili madogo, yakazunguka yakarusha maji. Nikamwambia jiwe lina masikio. Akasema maji yamepungua, mawe yote ya huku yanajitokeza. Jiwe likapumua. PFUUUU! Likatoa mvuke. Mimi nikasema jiwe limepumua. Akaniambia nina woga wa mjini.

Halafu jiwe likazama.

Nikauliza, kwa heshima zote, sasa jiwe limekwenda wapi? Akasema, "Wimbi limelifunika." Wimbi lipi wakuu? Maji yalikuwa yametulia hadi naiona sura yangu inavyozeeka!

Na mimi najua mnyama huyu haogelei kama samaki. Anatembea chini, kwenye tope, taratibu, na anaweza kukaa huko dakika 5 bila kuvuta pumzi. Kwa hiyo nimekaa kwenye kipande cha mti kilichochongwa, najua kwamba chini yangu kuna jiwe la kilo 1,500 na zaidi linatembea kwa miguu, sijui linaelekea wapi, na mwenzangu anabadilisha chambo. ANABADILISHA CHAMBO. Nilihesabu hadi mia mbili na kitu. Katikati nikasahau namba inayofuata sabini.

Likaibuka upande wangu. Bila shaka upande wangu. Likafungua mdomo. Mimi sijawahi kuona kitu kikifunguka kiasi kile, hata mlango una kikomo. Yale meno ya chini ni marefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mtaalamu wetu akageuka hatimaye, akaangalia, na nawaapia sijaongeza hata neno, akasema: "Ona, linapiga miayo. Limechoka."

Kwa hiyo jiwe limechoka! Jiwe lilifanya kazi usiku kucha! Kiboko akifungua mdomo anakuonyesha silaha zake, anakwambia ondoka, hasinzii. Hilo hata mtoto anajua.

Likasogea kidogo tu. Kidogo. Huyu bwana akatupa kasia, akakanyaga BEGA LANGU kama ngazi, akaruka. Mtumbwi ukapinduka, mimi ndani. Nilipotoa kichwa majini namwona yuko juu ya mti. Wanasema kiboko nchi kavu anafika kilomita 30 kwa saa. Asingemkamata. Na yuko kule juu ananipigia kelele, "Tulia! Kwa uzoefu wangu ukitulia hafanyi kitu!"

Tukatazamana, mimi na jiwe. Maji kifuani. Nadhani lilinionea huruma. Likapuliza maji puani, likazama, likaenda zake upande wa pili. Miguu nimeitoa kwenye tope, viatu vimebaki.

Nafika juu namkuta tayari ana hadhira. Anawaeleza watu jinsi MIMI nilivyopiga kelele ya "mama" nikapindua mtumbwi, na yeye akapanda mti "ili kupata mwonekano mzuri wa kuniongoza".

Sitaki ushauri. Nataka tu mtu mmoja anieleze: JIWE?

Kasia_Moja:
Nimesoma hadi "jiwe likapumua" nikaweka simu chini. Pole sana mkuu. Ila umeona njia, umeona mavi, umemjua mwenye mavi, ukapanda mtumbwi. Hapo mjinga ni mmoja tu kweli?

Mleta uzi:
Suala si nani mjinga. Suala ni jiwe.

Tope_la_Magoti:
Swali muhimu limerukwa. Ulisema mama au hukusema?

Mleta uzi:
Maji yaliniingia mdomoni. Sauti iliyotoka inaweza kufanana na neno lolote.

Tope_la_Magoti:
Alisema mama. Tuendelee.

Mama_Dema:
Mwanangu pole. Huyo bwana namfahamu hadi anavyokohoa. Mimi aliniambia mamba ni gogo. Nilikuwa na mahali pangu pa kusafishia samaki, kila siku saa ile ile, jiwe lile lile (jiwe la kweli, siyo la kwenu). Nikaanza kuona gogo. Leo liko mbali, kesho limesogea. Namwuliza, baba, magogo huwa yanapanda mto? Ananiambia mkondo. Sasa gogo gani limefunga mdomo na bado meno ya chini yanaonekana kwa nje? Mamba anashika ratiba kuliko mtu wa ofisini, ukienda mahali pamoja kila siku ujue unamwekea miadi. Nilihama. Lile gogo likakaa siku tatu linanisubiri.

Kasia_Moja:
Kwa hiyo huyu bwana ana shahada ya mawe NA magogo. Siku akikutana na chatu atasema kamba.

Ndoana_Butu:
Nyinyi mna bahati, wanyama wenu wanajitokeza mnawaona. Njooni kwangu muone fisi maji. Mwizi huyu simwoni, nakuta kazi yake tu. Natega wavu jioni, asubuhi nakuta samaki nusu nusu. Tumbo limeliwa, mkia umebaki, wavu una tundu la kupita kichwa cha mtu. Jana kala kambale watatu, kila mmoja kamng'ata kidogo akamwacha kama mtoto anayechagua chagua. MALIZA HATA MMOJA BASI.

Maji_Chumvi:
Ndoana, wewe unaachiwa nusu unalalamika? Mimi nimepigana na jodari, mikono imechubuka, mgongo umekufa, ghafla mshipi ukawa mwepesi. Navuta. Kichwa. Kichwa peke yake, kimekatwa sawasawa kama kwa rula, macho yananiangalia kama mimi ndiye niliyefanya. Papa alisubiri nimchoshe samaki kwa niaba yake, kisha akaja mezani. Na mwenzangu, hana hata aibu, anasema "kwa kichwa hiki alikuwa wa wastani tu."

Ndoana_Butu:
Papa ana adabu. Kachukua chake akaondoka. Hajachana wavu.

Maji_Chumvi:
Kaondoka wapi? Alirudi kwa wa pili na wa tatu! Akishajua sauti ya injini yako hiyo ni kama kengele ya chakula. Na usione papa peke yake. Kule Alaska nyangumi wakubwa wa meno wamejifunza kufuata meli za mishipi mirefu, wanachomoa samaki kwenye ndoana moja moja kama mtu anayechambua ushanga.

Bibi_Chelezo:
Alaska hiyo hiyo wana dubu. Ushauri wanaopewa wavuvi wa huko: dubu akija na wewe una samaki kwenye mshipi, ukate mshipi samaki aende, ili dubu asizoee kwamba mtu mwenye fimbo ndefu maana yake ni mlo.

Ndoana_Butu:
Nikate? Mwenyewe? Kwa hiari yangu?

Bibi_Chelezo:
Ndiyo, baba.

Ndoana_Butu:
Dubu aje anikate mimi.

Mleta uzi:
Jamani, naomba turudi kwenye jiwe. Bega langu lina alama ya soli. Naweza kuweka picha.

Upondo_Mfupi:
Ndege hamjawasema. Mnandi! Anazama mbele ya macho yako, anaibuka na samaki, anameza huku anakuangalia, halafu anakwenda kusimama kwenye nguzo yako na mbawa wazi, anajianika kama nguo. Mwizi gani anaiba kisha anajianika mlangoni kwako? Mwari angalau anaona aibu kidogo.

Mama_Dema:
Mwari aibu ameitoa wapi? Lile pochi la chini ya mdomo linabeba maji zaidi ya lita 10. Mimi kaweka mdomo wote kwenye ndoo yangu. Tukavutana ndoo. Mimi na ndege. Watu wanatazama.

Tope_la_Magoti:
Nani alishinda?

Mama_Dema:
Tuendelee.

Kasia_Moja:
Upondo, Wajapani wamemweza huyo mnandi wako. Mto Nagara, pale Gifu, wavuvi wanamfunga kamba chini ya shingo, anazama usiku kwa mwanga wa moto, samaki mdogo anapita kooni, mkubwa anakwama, anatolewa. Wachina nao wana utaratibu kama huo. Mwizi kageuzwa kibarua.

Upondo_Mfupi:
Wangu hafungiki. Anajua haki zake.

Maji_Chumvi:
Na Laguna, Brazili, pomboo wanawasukumia wavuvi mikizi hadi karibu na ufukwe. Watu wamesimama majini na nyavu mkononi, pomboo akifanya ishara yake tu, wanatupa. Wangu mimi ishara wanayonifanyia siwezi kuiandika hapa.

Mwenye_Uzoefu_2:
Habari za humu. Mimi ni mgeni tu, napita. Ningependa kusema kwamba kwa uzoefu wangu, mwanga ukiwa hafifu, kiboko aliyetokeza mgongo hufanana sana na jiwe, na mtu yeyote makini angeweza kufikia hitimisho hilo. Pia kupanda mti ni mbinu inayokubalika.

Bibi_Chelezo:
Hii akaunti imefunguliwa dakika nne zilizopita.

Tope_la_Magoti:
"Kwa uzoefu wangu." Hahahahaha. Uwiiii.

Mleta uzi:
SHUKA MTINI! Na masikio je? Jiwe lilikuwa na masikio! Nijibu la masikio!

Mwenye_Uzoefu_2:
Sijui unamzungumzia nani. Ila nilisikia kwamba kuna mtu alisema mama.

Mleta uzi:
Kasia nani atalipa? Limekwenda na maji. Mtumbwi wangu, kasia langu, bega langu!

Kasia_Moja:
Subiri, mtumbwi ni wako? Kwa hiyo kapteni ulikuwa wewe? Mkuu, uzi huu unazidi kukuharibia.

Ndoana_Butu:
Tuache hayo kidogo. Aliyesema la kamba shingoni, linafanya kazi kwa fisi maji?

Kasia_Moja:
Fisi maji ana shingo?

Ndoana_Butu:
Nimekaa nafikiria. Hana. Ni kichwa kilichounganishwa na uroho moja kwa moja.

Bibi_Chelezo:
Bangladeshi kuna wavuvi wanaowafuga. Wanawafunga kwenye kamba na mti mrefu, wanawashusha majini, fisi maji wanawafukuza samaki kutoka kwenye majani hadi wanaingia wavuni wenyewe. Hawachani kitu.

Ndoana_Butu:
Hawachani?

Bibi_Chelezo:
Wamefundishwa tangu wadogo.

Ndoana_Butu:
Wangu ni mtu mzima na tabia zimeshaganda. Wanapokea wazee?

Mleta uzi:
Nimeweka picha ya bega.

Upondo_Mfupi:
Nzuri mkuu. Bibi, hao wa Bangladeshi wana dawa ya mnandi pia?