Rada ya kupima kasi ya risasi ukumbini: inasoma risasi ya jirani?

Mtoto_wa_Ngamiani:
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Mimi kwetu Tanga, Ngamiani, ila kwa sasa nipo Dubai, nahudumia wateja kwenye ukumbi wa kulenga shabaha. Bosi kanunua rada ya kupima kasi ya risasi, ile inayokaa mezani kando ya mtutu. Wateja wanaipenda sana, lakini namba nyingine hazieleweki. Kuna mteja alikuwa na bastola ya milimita 9, tukapata mita 352 kwa sekunde, 349, 355, halafu ghafla 910! Na mara nyingine haisomi chochote. Kuta ni za zege, vizimba vimetenganishwa kwa chuma, na kuna feni kubwa za kuvuta moshi. Nahisi mawimbi yanagonga ukuta na kurudi. Nisaidieni, mteja akiniuliza nakosa la kumwambia.

Mkwakwani_Damu:
Hizo feni tu, mdogo wangu. Zimeni mjaribu tena.

Fundi_Raskazone:
Marahaba mwanangu. Feni msizime, mtavuta moshi wa risasi na ndani yake mna madini ya risasi yenyewe (ledi), ni sumu. Ngoja nikueleze, maana nimefanya kazi ya rada za meli hapa bandarini mpaka nastaafu.

Rada ya meli hupima muda wa mwangwi, ndiyo maana inakupa umbali. Hiyo yako ni jamaa ya tochi ya trafiki pale Muheza, nasema zile za rada, si za leza. Inarusha mawimbi mfululizo, mengi ya aina hii ni ya gigahezi 24, halafu inasikiliza masafa ya mwangwi, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde (hezi), yamebadilika kiasi gani. Kwa gigahezi 24, kila mita moja kwa sekunde inazaa badiliko la hezi 160. Risasi yako ya mita 352 inatoa takriban kilohezi 56. Ncha ya panga la feni ikienda mita 20 kwa sekunde inatoa kilohezi 3 na ushee, mashine inaichuja. Ukuta haujongei, kwa hiyo mwangwi wake haubadiliki masafa. Ukuta unaweza kuchafua usomaji, lakini hauwezi kutengeneza 910.

910 ni kasi ya bunduki ndefu. Nina hakika kizimba cha pili palikuwa na mtu ana raifo. Baadhi ya mashine hizi huamshwa na mlio, na mle ndani mlio wa jirani unaamsha ya kwako kabla mteja hajafyatua. Ikishaamka inatafuta chochote kinachokimbia. Hapo ama inakamata risasi ya jirani, ama haikuti kitu, na mteja akifyatua sekunde hiyo hiyo anakosa namba. Punguza usikivu wa mlio, chagua kiwango cha kasi ya bastola, na mteja wa raifo umpeleke kizimba cha mbali. Kuna pia sensa ndogo za kubandika kwenye silaha, zinaiamsha rada kwa mtikisiko wa silaha yenyewe. Kwa ukumbi wenye watu wengi, mimi ningenunua hiyo kwanza.

Sasa mahali pa kuiweka. Ikikaa sentimita 20 kando ya mtutu, risasi ikiwa mita 1 mbele rada inaitazama kwa pembe ya digrii 11 hivi, inaipunja karibu asilimia 2, yaani mita 7 kwa sekunde kwa bastola yako. Ikifika mita 10, upungufu ni chini ya mita 0.1. Ndiyo maana LabRadar, watengenezaji wa rada za aina hii, wanakutaka uingize umbali wa kutoka mashine hadi mstari wa risasi. Ingiza ule wa kweli, pima kwa rula, usikadirie. Na usiifiche nyuma ya ukingo wa chuma wa meza.

Mwalimu_Fizikia_Pongwe:
Shikamoo mzee. Hezi 160 kwa kila mita moja kwa sekunde, hiyo naipeleka kwa kidato cha sita. Kupima kasi kwenyewe tunatumia njia ya Mwingereza Benjamin Robins ya 1742: kipande cha mbao kinaning'inizwa, tunakipiga kwa manati, tunapima kimepanda kiasi gani. Gololi ikinasa kwenye udongo wa mfinyanzi tuliobandika, hesabu inakubali vizuri.

Mtoto_wa_Ngamiani:
Mzee, Mungu akuweke. Kizimba cha pili kweli palikuwa na raifo, nimeangalia daftari. Swali la mwisho: mteja anasema boksi la risasi limeandikwa kasi kubwa kuliko tunayompa.

Fundi_Raskazone:
Mara nyingi kiwandani hupima kwa mtutu wa majaribio, na huo huweza kuwa mrefu kuliko wa bastola yake. Mtutu mfupi, kasi ndogo. Muulize mtutu wake una urefu gani, kisha mwonyeshe wastani wa risasi kumi, si ile moja iliyomfurahisha.