MREJESHO: Bembea ya kuzunguka na taa za darasa, Kibosho

Wakuu, habari zenu. Mwezi uliopita niliuliza kama watoto wakicheza kwenye bembea ya kuzunguka wanaweza kuchaji betri ya taa za darasa, huku kwetu Kibosho, Moshi. Taa zinawaka!

Mliponikataza kutumia alteneta ya gari (ile jenereta yake ya kuchaji betri) mlikuwa sahihi kabisa. Ile inataka mizunguko zaidi ya 1,000 kwa dakika, na watoto wakisukuma kwa nguvu zote hawazidi 25. Nimefunga mota ya sumaku ya mwendo mdogo, ambayo ikizungushwa inatoa umeme, na rimu ya baiskeli na mkanda kuongeza kasi. Ila nilisahau dayodi, kile kifaa kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu: watoto waliposhuka, bembea ikaendelea kuzunguka yenyewe, kumbe betri ndiyo inaisukuma! Dayodi nikaifunga siku ileile.

Nusu saa ya mchezo, nikikadiria wati 50, ni wati-saa 25. Ukitoa umeme unaopotea njiani, taa tatu za wati 3 zinakaa kama saa mbili, na darasa la saba wanajisomea jioni. Nimefurahi mno.

Sitaki igeuke kazi, kwa hiyo ni wakati wa mapumziko tu, na anayetaka kucheza rede acheze rede.