Nyumba ya urithi Fuoni, Zanzibar: nani atie saini mkataba wa kukodisha?

mwana_fuoni
Assalaam alaykum. Tuna nyumba ya marehemu baba, vyumba vitatu, mita ya Tukuza (umeme wa kununua kabla). Warithi ni mama, wanaume wawili na wanawake wawili. Kapatikana mpangaji wa 480,000 kwa mwezi, anatoa miezi sita kwa pamoja na anataka kuingia wiki hii. Nani atie saini, na kitu gani kisikosekane?

bi_karatasi
Waalaykum salaam. Nyumba bado ni yenu nyote, saini yako peke yako haitoshi. Ama mtie saini watano, ama wanne wakupe uwakala kwa maandishi, mbele ya mashahidi, useme wazi kuwa unaweza kukodisha, kupokea pesa na kumtoa mpangaji. Nakala yake ifungwe pamoja na mkataba. Bila hivyo, ndugu mmoja akikasirika atakwenda kumdai mpangaji fungu lake, na mpangaji naye atazuia kodi yote mpaka mpatane.

Kodi, baada ya kutoa matengenezo, inafuata mirathi. Ikiwa wazee wa baba hawakuwa hai alipofariki, mama ana thumni, sehemu moja ya nane, yaani 60,000. Zinabaki 420,000, mafungu sita ya 70,000: kila mwanamme 140,000, kila mwanamke 70,000.

Amana, pesa ya dhamana anayoweka mpangaji, msiiguse! Hapo ndipo familia nyingi zinapoharibu. Mwezi mmoja wa amana hugawanywa siku ileile, mpangaji akihama hakuna wa kurejesha. Ile si kodi, bado ni pesa yake. Ikae kwa mtu mmoja, na risiti yake iandikwe mbali na ya kodi.

pweza_mkavu
Tarehe ziwe za miladia, ya kuanza na ya kumaliza. "Miezi sita" tu, au "mpaka Mfunguo Tatu" (mwezi wa Kiislamu), ni kutafuta maneno: miezi sita ya mwandamo ni kama siku 177, ya miladia ni 181 hadi 184. Andikeni pia kila upande utoe taarifa ya kuhama muda gani kabla, na iwe kwa maandishi. Mwezi mmoja unatosha.

fundi_bomba
Kabla ya ufunguo, piteni pamoja na mpangaji chumba kwa chumba. Fungueni kila mfereji, washeni kila taa, hesabuni vitasa na funguo, pigeni picha, kisha orodha mtie saini wote. Nunueni umeme kidogo mbele yake muone kama kuna deni linalokatwa. Bili ya maji ya ZAWA ilipwe mpaka siku ya kuingia. Mashine ya maji inakula umeme wa mita ipi? Kama tangi linatumiwa na jirani pia, andikeni.

Matengenezo: taa, kitasa na mfereji ni juu yake yeye; bati, ukuta, mashine na nyaya ni juu yenu. Karo la choo litajeni kwa jina, maana likijaa kila mtu humtazama mwenzake.

bi_karatasi
Nakala ya kitambulisho chake pia, na majina ya watakaoishi naye. Mpelekeni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kabla hajahamisha vyombo. Haraka yake isiwakimbize, hayo yote ni kazi ya siku mbili.

mwana_fuoni
Ahsanteni. Mama anataka abakishe chumba kimoja cha kuweka vyombo vyake. Inawezekana?

pweza_mkavu
Inawezekana, lakini mkataba useme vyumba viwili, si vitatu, na utaje siku mama atakazokuja kufungua. Na mwambieni mpangaji leo, huenda bei ikashuka.