Jamaa wa Pangani: sosi ya stroberi ya Jumapili

IJUMAA

Mama Imani, 18:47
Shikamoo Shangazi, na habari za jioni kwenu nyote. Naomba mnisaidie kabla sijaharibu matunda mengine. Jana nilinunua pakiti mbili za stroberi za robo kilo pale soko la City Park, nikazitia sukari kikombe kizima, kisha nikafuata video moja iliyosema nichemshe hadi kipimajoto kifike nyuzi joto 105. Nilisimama jikoni karibu dakika arobaini. Nilipozima moto sosi ilikuwa bado inatiririka, nikaridhika, nikaimimina kwenye chupa. Asubuhi nimeikuta imeganda kama peremende, na kijiko nilichokiacha ndani kimesimama wima, hakitoki. Keshokutwa Bibi anakuja kwetu Kahawa, nami nimekwisha kumwahidi chapati maji na sosi ya kumwagia juu.

Shangazi Rukia, 18:55
Marahaba mwanangu, na pole sana. Ulipika jamu ilhali ulitaka sosi, na hata hiyo jamu uliipitisha. Chupa hiyo usiitupe: iweke ndani ya sufuria yenye maji ya uvuguvugu, uongeze moto taratibu hadi kijiko kitoke, na kilichomo utakikorogea kwenye uji wa watoto.

Hamisi, 19:03
Shemeji, niongeze jambo moja ambalo video nyingi hazilisemi, kwa kuwa wanaozitengeneza wengi hawapikii mahali palipoinuka kama hapa. Nyuzi joto 105 ni kipimo cha jamu kwa mtu aliye usawa wa bahari, kwa mfano Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo kipimo cha jamu nacho hushuka kwa kiasi hicho hicho, hadi karibu 99. Ulipoendelea kungoja 105 ulikuwa unakausha maji ya tunda ukiacha sukari iliyokolea, na sukari iliyokolea kiasi hicho ikipoa hugeuka kitu cha kutafuna. Kwa sosi, kiweke kipimajoto kabatini kabisa, kwani huhitaji kufika huko.

Mama Imani, 19:06
Ahsante shemeji. Sasa nitajuaje kwamba imeiva, ikiwa macho yangu yaliiona nyepesi na bado ikaganda?

Shangazi Rukia, 19:21
Hapo ndipo penyewe, mwanangu. Sosi ya matunda haihukumiwi ikiwa ndani ya sufuria, kwa sababu ikiwa moto huonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa ikipoa. Sosi inayoonekana nzito jikoni, mezani itakuwa jamu. Kabla hujawasha jiko weka visahani viwili vya chai ndani ya friza. Matunda yakishachemka kwa dakika nane hivi, toa kisahani kimoja, dondoshea kijiko kidogo cha sosi, ngoja nusu dakika, kisha pitisha kidole katikati. Njia ya kidole ikijifunga papo hapo, sosi bado ni maji, basi rudisha moto dakika mbili na ujaribu kwenye kisahani cha pili. Ikibaki wazi kidogo halafu ikajifunga polepole kama uji mwepesi, zima hapo hapo. Ikibaki wazi moja kwa moja, umepita, lakini vijiko viwili vya maji ya moto vitairudisha. Muda ule unapopima, ondoa sufuria motoni, la sivyo itaendelea kukolea huku ukihesabu.

Mama Imani, 19:24
Na vipimo vyenyewe, Shangazi? Nimesoma vya kila namna.

Shangazi Rukia, 19:40
Chukua nusu kilo ya stroberi na sukari gramu 100, yaani nusu kikombe tu. Kikombe kizima ulichotia wewe kinafaa kwa aliye tayari kupika jamu. Osha matunda yakiwa na vikonyo vyake, kwa sababu ukivitoa kwanza maji huingia ndani ya tunda na ladha hupungua. Baada ya kuosha ndipo ukate vikonyo, kisha kila tunda ulikate mara nne. Changanya na sukari na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, funika, acha nusu saa. Ukifunua utaona maji mekundu yamejaa chini ya bakuli: sukari imeyavuta kutoka ndani ya tunda. Hayo ndiyo maji yako ya kupikia, na kwa stroberi huhitaji kuongeza hata tone. Wengi humimina kikombe cha maji ya bomba hapo, kisha wanahangaika saa nzima kuyakausha, na tunda likipikwa saa nzima hupoteza ile harufu iliyokufanya ulinunue.

Tumia sufuria ya stenlesi, kwani ya alumini huathiriwa na uchachu wa tunda na sosi hubaki na ladha ya chuma. Moto uwe wa wastani, koroga kwa mwiko, toa povu likipanda. Matunda mengine yaponde kwa mgongo wa mwiko, mengine yaache na vipande vyake. Limau lisubiri mwisho. Kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau baada ya kuzima moto kinatosha, na utashangaa jinsi wekundu unavyong'aa pale pale.

Neema, 19:48
Wifi yangu, ukitaka iwe nzito bila kuichemsha sana, kuna wanaotumia konfulawa. Mwaka jana mimi sikuwa nayo, nikaona unga wa ugali ni mahindi vilevile, nikatia vijiko viwili. Sosi ilijaa chenga mdomoni kama mchanga wa ufukweni, na sikuweza kuichuja tena.

Shangazi Rukia, 19:56
Hayo aliyoyasema Neema ni kweli. Konfulawa ni wanga uliotenganishwa na sehemu nyingine za punje, ilhali unga wa ugali ni punje iliyosagwa. Mimi binafsi sipendi kuitia katika sosi ya stroberi kwa sababu huifanya kuwa na ukungu, lakini mwenye haraka atumie vijiko viwili vidogo kwa nusu kilo, avikoroge kwanza kwa maji baridi, amimine sosi ikiwa inachemka, na aache itokote dakika moja ili ule ubichi wa wanga utoke. Hapa pia limau liwe la mwisho, kwa kuwa likichemshwa pamoja na wanga huulegeza na sosi hurudi kuwa nyepesi.

Baba Imani, 20:10
Shangazi, mforosadi ulioinama juu ya ukuta wetu umeiva, na watoto wamerudi kutoka nje wakiwa na vidole vya zambarau hadi kwenye viganja. Je, forosadi zinaweza kupikwa vivyo hivyo?

Shangazi Rukia, 20:18
Zinaweza, na kwangu mimi zina ladha nzito kuliko stroberi. Zina sukari nyingi na uchachu kidogo, kwa hiyo punguza sukari hadi gramu 60 kwa nusu kilo, na limau liongeze hadi vijiko viwili vikubwa. Tia na vijiko vitatu vya maji mwanzoni, kwa kuwa ngozi yake haitoi maji upesi. Kile kikonyo cha kijani kinachoingia hadi katikati ya tunda kikate kwa mkasi, usikivute, kwani ukikivuta tunda linapasuka mkononi. Na mjifunge kanga kuukuu, doa la forosadi halina msamaha.

Neema, 20:25
Naomba mkumbuke kwamba Bibi ana meno ya bandia, na mbegu ndogo humwumiza zikiingia chini yake. Mwezi uliopita aliacha kipande kizuri cha keki kwa sababu hiyo, akanyamaza tu.

Shangazi Rukia, 20:29
Umefanya vyema kusema. Basi sosi ya Bibi ipitishwe kwenye chujio la chai ikiwa bado moto, ikandamizwe kwa kijiko hadi ibaki mbegu kavu tu, na upande wa chini wa chujio ukwanguliwe, maana hapo ndipo panapobaki ile nzito. Na Mama Imani, yule mdogo wako wa miezi minane asitiliwe asali mahali pa sukari, hata kama imechemshwa pamoja na matunda. Asali inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo moto wa jikoni hauviui, na tumbo la mtoto aliye chini ya mwaka mmoja haliwezi kupambana navyo.

Mama Imani, 20:33
Nimesikia, Shangazi. Sitamtilia.

JUMAMOSI

Mama Imani, 16:12
Nimepika zote mbili. Ya stroberi ilichukua dakika kumi na moja tangu ilipoanza kuchemka. Kisahani cha kwanza njia ilijifunga mara moja, cha pili ikabaki wazi nikahesabu hadi nne, halafu kingo zikasogeleana taratibu. Kusema kweli mkono ulikuwa mzito kuzima, kwa sababu ndani ya sufuria ilionekana kama chai ya rangi. Nimezima hivyo hivyo.

Shangazi Rukia, 16:20
Iache ipoe mezani, usiitazame. Chupa umezichemsha?

Mama Imani, 16:22
Nimezichemsha dakika kumi, na nimezikausha zikiwa zimepinduliwa juu ya kitambaa safi.

Shangazi Rukia, 16:24
Vizuri. Ikipoa itie friji, na mle ndani ya wiki moja, kwa kuwa haina sukari ya kuilinda kama jamu. Itakayozidi igandishe kwenye trei ya barafu, kila kijumba kinatosha chapati moja.

Mama Imani, 19:05
Shangazi, nimefungua friji sasa hivi. Inamiminika! Inashuka kutoka kwenye kijiko kwa uzi mmoja mnene, na vipande vya stroberi bado vina umbo lake.

JUMAPILI

Neema, 11:38
Bibi amemimina ya forosadi mara tatu. Anauliza kama ipo ya kurudi nayo Pangani.

Mama Imani, 11:52
Ipo, nilimtengea chupa yake jana. Nimeichuja mara mbili na nimebandika karatasi yenye tarehe ya kupikwa, kwa hiyo wifi, tafadhali hakikisha imekwisha kabla ya Jumamosi ijayo.