Je, ndege wageni wanaweza kuokoa kundi dogo linalofifia?

Swali: Ndugu zangu, kundi dogo la ndege likitengwa kwa miaka mingi, jamaa huishia kupandana wao kwa wao. Je, kuleta ndege wachache kutoka kundi lingine hurejesha uzazi kweli, au ni kuahirisha msiba tu?

Jibu la kwanza: Hurejesha. Kuku-mwitu wa mbuga za Illinois, Marekani, walipungua hadi chini ya 50 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mayai mengi yakawa hayaanguliwi hata katika viota ambavyo havikuguswa na mnyama yeyote. Kuanzia mwaka 1992 waliletwa wengine kutoka Minnesota, Kansas na Nebraska, na kiwango cha kuanguliwa kikapanda tena.

Jibu la pili: Nakubaliana nawe, ila damu mpya haiongezi makazi, mbuga ikibaki vipande vipande, tatizo litarudi. Wageni wapimwe magonjwa kwanza, tena wasitoke katika mazingira yaliyo tofauti mno. Mimi ningechagua ndege wachanga, kwa kuwa waliokwisha kushika eneo hupenda kurudi walikotoka.

Muulizaji: Ahsanteni. Na kundi linalotoa halidhoofiki?

Jibu la kwanza: Inategemea kama limejaa. Mwaka 1988, huko Shelisheli, ndege wadogo 29 walao wadudu walihamishwa kutoka kisiwa cha Cousin hadi Aride, na nafasi walizoziacha zilijazwa upesi na wenzao waliokuwa wamekosa maeneo ya kuzaliana. Kundi lisilo na akiba ya namna hiyo lisiguswe.