MALALAMIKO: Ufukwe wa Ziwa Victoria hapa Mwanza unafungwa kwa asiye na gari

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mimi hutembelea hifadhi na vijiji vya kando ya ziwa kwa basi, kwa baiskeli na kwa miguu. Gari sina, na hata ningekuwa nalo ningeendelea kuchagua mwendo unaomwezesha mtu kuwaona mnandi wakianika mabawa juu ya mawe na kusalimiana na watu njiani. Mwendo huo unazidi kuwa mgumu, na sababu si jua wala vilima. Sababu ni kwamba wanaopanga mambo ya ufukwe huu wanamtambua mgeni mmoja tu, yule anayeshuka kwenye gari lake mbele ya geti.

Nianze na vijia vya kando ya maji, maana hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Upande wa Ilemela kuelekea Igombe na Kayenze, na upande wa Luchelele, kulikuwa na njia nyembamba zilizopita kati ya mawe na matete zikiunganisha mwalo mmoja, yaani mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi, na mwingine, zilizokanyagwa na wavuvi, na wachuuzi wa dagaa, na watoto waliotumwa maji, kabla hatujasikia neno utalii. Nyingi sasa zinaishia ukutani. Hivi karibuni nilifika kwenye kijia nilichokizoea nikakuta ukuta wa hoteli mpya umeshuka hadi ndani ya maji, na mlinzi akaniambia nilipe kiingilio au nirudi nilikotoka. Nilipomwuliza ukuta ule umejengwa kwa kibali gani, akasema hayo nikamwulize mwenye mali. Simlaumu kijana yule, yuko kazini. Ninamlaumu aliyeuona mchoro ule na bado akatia saini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Ninafahamu kwamba kifungu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya wapanda baiskeli. Kilikusudia kuulinda ukingo wenyewe, mafunjo yanayochuja tope kabla halijaingia ziwani na sehemu ambazo samaki huzalia. Lakini ukanda huo ukiheshimiwa, mwananchi anapata pa kupita bila serikali kutumia hata shilingi moja, na ukivunjwa, samaki na mpita njia wanapoteza kwa pamoja. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kuvuka kile kiwango cha mwaka 1964 ambacho wazee walikuwa wakikisimulia, na maji yakaingia katika majengo yaliyosogezwa mno ufukweni. Nilidhani fundisho hilo lingetosha. Kuta zimeendelea kujengwa.

Sasa mabasi. Kupakia baiskeli hakuna nauli inayojulikana. Konda wa basi moja la kwenda wilayani alinitajia kiasi fulani asubuhi, na jioni, katika basi la kampuni ileile na kwa umbali uleule, mwenzake akataka mara mbili yake, bila risiti, kisha baiskeli ikalazwa juu ya keria chini ya magunia na kushuka ikiwa na ringi iliyopinda. Nilipolalamika niliambiwa mtu mwenye baiskeli aende kwa baiskeli. Hilo ni jibu la dharau, tena linatolewa Usukumani, ambako maziwa, mkaa, mahindi na hata wagonjwa vimesafirishwa kwa baiskeli miaka nenda rudi! Wanaovuka kwa kivuko kwenda Nansio, Ukerewe, wanajua kwamba pale baiskeli hupakiwa kama mzigo mwingine wowote na hakuna anayeshangaa. Kwa nini barabarani ishindikane?

Barabara yenyewe sitaisemea sana. Anayeendesha baiskeli kutoka Kisesa kupita Magu hadi Lamadi, malori yakimpita kwa upepo wa kumyumbisha, hahitaji maelezo yangu. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 na lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lina njia za watembea kwa miguu, na ninawapongeza waliolisanifu. Ninachouliza ni kwa nini mwenda kwa miguu akumbukwe juu ya maji peke yake, kisha asahauliwe mara tu anapokanyaga nchi kavu.

Kuhusu hifadhi, ninakubali bila ubishi kwamba palipo na simba na nyati mtu hawezi kuachwa aingie na baiskeli. Ninachokataa ni kushushwa na basi kwenye lango, nikiwa na fedha ya kiingilio mkononi, halafu ofisa ananiuliza gari langu liko wapi na mazungumzo yanakwisha hapo. Gari moja la pamoja, lenye siku na saa zilizobandikwa ukutani, lingewaingiza walimu, wanafunzi na wakulima wanaoishi jirani na wanyama hao na hawajawahi kuwaona ila wanapovamia mashamba yao. Tena mfano tunao hapahapa. Kisiwa cha Saanane, kilichopewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2013, kiko dakika chache kwa boti kutoka mjini, na ukishafika unatembea kwa miguu kati ya pimbi na swala pala. Kisiwa cha Rubondo, nacho ndani ya ziwa hili na hifadhi ya taifa tangu 1977, ambako sokwe waliletwa kati ya 1966 na 1969, nayo hutembelewa kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi. Hifadhi bila gari inawezekana, na kwetu ipo tayari.

Ninataka mambo matatu, na nitayadai kwa maandishi. Halmashauri ziweke alama za mita 60 zinazoonekana kwa macho, kuanzia kwenye vijia vilivyokwishazibwa. Mamlaka ya usafiri itangaze nauli ya baiskeli na kumlazimisha konda kutoa risiti. Hifadhi zinazohitaji gari ziweke gari la pamoja, hata kama ni Jumamosi tu.

Ninaandaa barua kwa ofisi zinazohusika. Mwenye kujua kijia cha ufukweni kilichofungwa, iwe Ilemela, Nyamagana, Magu, Sengerema au Ukerewe, aandike hapa jina la mtaa au kijiji, mwaka kilipofungwa, na kama ana picha ya zamani aiweke, ili kila njia itajwe kwa jina lake katika barua hiyo.