Gumzo la kikundi: Wana wa Mzee, Bombo

Zaituni 05:42: Amkeni. Baba mgongo umemshika ghafla baada ya alfajiri, ameketi tu. Si ule wa kila siku. Analia, jamani.

Zaituni 05:44: Idi, Ramadhani, naona mmesoma.

Hamza 05:49: Ni lile godoro. Nilimwambia anunue jipya akanitafutia kiboko 😂

Zaituni 05:50: Hamza, si sasa.

Nasra 05:53: Niko zamu. Maumivu yanashuka? Jasho? Kizunguzungu? Mkojo anauzuia? Miguu ina nguvu?

Zaituni 05:56: Ubavu wa kushoto hadi kinenani. Jasho baridi, kanzu imelowa. Akisimama anaanguka. Mkojo na miguu sawa, homa hana.

Ramadhani 06:01: Nimempigia yule wa zahanati. Anasema kijiwe cha figo, achomwe diklofenaki apumzike.

Nasra 06:03: Hapana kaka. Miaka 74, sigara miaka 40, presha, na kijiwe hajawahi kuugua? Hapo ndipo wengi hukosea. Naogopa mshipa mkubwa wa damu unaopita tumboni. Kawaida upana wake ni kama sentimita 2. Ukivimba ukapita 5 unaweza kupasuka, na maumivu yake yanafanana kabisa na ya figo. Ultrasaundi huonyesha uvimbe huo kwa dakika chache. Sindano itanyamazisha maumivu, damu iendelee kuvuja. Asichuliwe, asiminywe tumbo. Pengine ni pingili tu imebonyea kwa uzee, ila hiyo inaweza kungoja, mshipa haungoji. Mpelekeni Mulago, hospitali kuu ya Kampala, kwenye upasuaji.

Zaituni 06:06: Spesho, yule wa gari la kukodi, anataka 150,000. Ramadhani, wewe 100.

Ramadhani 06:09: Kila mara mimi. Pesa ya kile kiwanja cha Nyimbwa ilikwenda wapi?

Hamza 06:10: Kiwanja kimefufuka 🙈

Shangazi Mariam 06:14: Mama yenu alikata roho hapo kibarazani, gari likingoja mpatane nani atoe elfu hamsini. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Mpakieni ndugu yangu.

Ramadhani 06:16: Nimetuma 100. Nisamehe Shangazi.

Zaituni 06:51: Tuko Matugga, jamu. Kichwa chake kiko mapajani mwangu. Hamza, uko Wandegeya, tupokee.

Hamza 06:52: Natoka na boda.

Nasra 07:05: Mkifika msikae foleni. Semeni: mgongo wa ghafla, akisimama anaanguka, tunahofia mshipa mkubwa.

Zaituni 07:06: Dereva anadai 50 yake. Idi?

Idi 07:48: Ndiyo naamka. Nitume namba ipi?